Faili la Utulivu

Mimi napiga pasi katika duka la dobi, na kwa miaka mingi nilidhani simu ni ya kupiga, kupokea na kusomea sala za asubuhi. Mwalimu wetu wa darasa la jioni ndiye aliyenifungua macho. Alitupakulia programu ya kurekodi vihisi, akatuambia kwamba ndani ya kila simu mna kitu kidogo kuliko punje ya mchele kinachohisi kila mtikisiko. Unabonyeza "Anza", simu inaandika. Unabonyeza "Simamisha", inaacha. Ukibonyeza "Hamisha", yote iliyoyahisi yanatoka yakiwa faili la nambari, mstari chini ya mstari, na unaweza kumtumia mtu yeyote mwenye kompyuta akachora grafu yake.

Aliongeza jambo lililonikaa moyoni. Simu ikiwa imelala mezani bila kuguswa, kihisi bado kinaandika nambari inayokaribia kumi. Kisa ni kwamba dunia inaivuta na meza inaizuia.

"Kwa hiyo kitu kilichotulia si kwamba hakina nguvu," alisema. "Kuna nguvu mbili zimekubaliana."

Nilijikuta nimesema amina kwa sauti. Darasa zima likacheka.

"Mwalimu, umehubiri bila kujua," alisema Dereva, mwenzetu anayeendesha lori la mchanga, ambaye hukaa nyuma yangu na hana dogo. "Pitisha na kikapu cha sadaka kabisa."

Mwalimu naye alicheka. Ni kijana, angeweza kuwa mwanangu wa kwanza, lakini hajawahi kumfanya mtu yeyote mle ajione mjinga. Akatupa kazi ya nyumbani. Kwanza, tuweke simu mahali palipotulia kuliko pote nyumbani kwetu, tuirekodi kwa dakika chache. Huo ndio utakuwa mstari wa kulinganishia. Halafu turekodi mashine yoyote inayotikisika. Tumtumie mafaili yote mawili kabla ya kipindi kinachofuata.

Njiani nilikuwa nafikiria mahali palipotulia. Meza yangu ina mguu mfupi, nimeuwekea kitambaa chini yake. Sakafu inatetemeka kila gari zito linapopita, na mpangaji wa juu akiburuta kitanda ndiyo basi tena. Nikawaza, nikawaza, mwisho nikacheka peke yangu. Jibu lilikuwa wazi. Kitu kilichotulia kuliko vyote katika ukoo wetu ni mkono wa Dada.

Dada ndiye aliyenilea tangu mama yetu alipofariki. Ni fundi cherehani. Chumba chake cha mbele ndicho karakana yake, na nguo za wateja zinaning'inia kwenye waya kutoka ukuta hadi ukuta, kila moja na karatasi yake ya vipimo imebanwa kwa pini. Anapokata kitambaa hachori kwa chaki. Anakitandaza, anakipapasa mara moja kama anayemtuliza mtoto, kisha mkasi unaingia na hautoki mpaka umefika mwisho. Mkato wake ukiutazama utadhani kitambaa kilizaliwa hivyo. Nimeutazama mkono ule tangu utotoni, na mara nyingi nimemshukuru Mungu kwa ajili yake.

Nilimkuta amemaliza kazi, ameketi kwenye kiti chake cha chini. Mumewe, kinyozi, alikuwa amefunga kibanda chake na sasa anakunywa chai miguu imenyooshwa.

"Dada, nishikie simu."

"Nani anapiga?"

"Hapigi mtu. Ni kazi ya shule."

"Shule gani hiyo ya kushikiwa simu?" Shemeji akadakia. "Sisi enzi zetu tulishikishwa jembe."

"Wewe shemeji, ulitoroka shule kabla hujashikishwa chochote."

"Ndiyo maana nina akili zangu zote. Sikuzitumia."

Nilimweleza Dada ninachotaka: aweke mkono mapajani, kiganja juu, simu ilale juu yake, asifanye chochote.

"Kwa nini usiiweke sakafuni?" akauliza.

"Sakafu inatikisika. Mkono wako hautikisiki."

Akautazama mkono wake. Kisha akaipokea simu.

Tulizungumza habari za mtaani wakati simu ikiandika. Kidole gumba chake kilikuwa kikipitapita juu ya ncha za vidole vingine kando ya simu, kama kawaida. Nyumbani kwetu sote tulilijua jambo lile. Kwa muda sasa Dada alikuwa anahesabu dua kwa vidole, hata akiwa ameketi na wageni, hata akitazama habari. Hatukumuuliza. Mtu akiwa na Mola wake unamwacha.

"Umebahatika," Shemeji aliniambia. "Simu yako inaombewa. Haitaishiwa chaji tena. Mimi mwenyewe unavyoniona hivi, naombewa kutwa nzima, ndiyo maana sizeeki."

"Huzeeki au huna kioo?" alisema Dada.

"Mke wangu, mimi ni kinyozi. Vioo ninavyo vitatu. Vyote vinanisifu."

Tukacheka. Nilisimamisha kurekodi, nikaliita lile faili "Utulivu". Kisha nikaiweka simu juu ya meza ya cherehani, Dada akashona pindo la sketi, na faili la pili nikaliita "Cherehani". Nikayahamisha yote mawili, nikamtumia Mwalimu palepale. Nilijiona msomi.

Katika kipindi kilichofuata Mwalimu aliwasha projekta, akawa anaonyesha grafu zetu ukutani moja baada ya nyingine. Ya Dereva ilikuwa lori lake likiwa limesimama na injini inawaka. Mistari ya utulivu ya wenzangu wote ilikuwa myembamba, imenyooka kama uzi uliovutwa. Halafu ikaja yangu.

Haikunyooka. Ilikuwa mawimbi, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mama, hapa umetuma cherehani mara mbili," alisema Mwalimu.

"Hapana, Mwalimu. Hilo ni la utulivu. Cherehani ni lile jingine."

"Utulivu huo!" alisema Dereva. "Mama, huo ni utulivu wa lori langu. Uliiweka simu juu ya kuku?"

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Nikaeleza kwamba nilimpa dada yangu aishike, kwa sababu hakuna mkono uliotulia kama wake. Nikaeleza na dua za vidole, kwamba pengine hizo ndizo simu ilizozisikia.

Mwalimu hakucheka. Aliivuta ile grafu karibu hadi sekunde moja ikajaa ukuta mzima. Mawimbi yalikuwa madogo, yanalingana kama meno ya kitana. Yalifika manne, wakati mwingine matano, na sekunde iliyofuata yakawa vilevile, na iliyofuata vilevile.

"Mama," alisema kwa upole, "hebu hesabu dua kwa vidole vyako, kwa kasi hii." Akagonga meza kwa kalamu, taptaptaptap, bila kupumzika.

Nilijaribu. Midomo yangu haikuweza kumaliza hata jina la Mungu kabla kidole hakijatakiwa kusogea tena. Nikajaribu tena. Dereva alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mimi ni mwalimu wa kompyuta, si daktari," Mwalimu alisema. "Sitasema nisichokijua. Ila mawimbi yaliyolingana hivi, mtu hayafanyi kwa kupenda kwake."

Alinichapia ile grafu. Kipindi kilipoisha Dereva alinisubiri mlangoni. "Mama, nisamehe lile la kuku," alisema. "Ukihitaji usafiri wa kumpeleka hospitali, lori ni chafu lakini lina kiti."

Siku iliyofuata nilikunja mashati ya watu huku nikiomba. Sikujua niombe nini. Niliomba nipewe maneno, maana nilikuwa naenda kumwambia mwanamke aliyenifundisha kuomba kwamba kile tulichokiita dua huenda ni ugonjwa. Kazi ilipoisha nilikwenda moja kwa moja kwake. Jua lilikuwa bado liko madirishani, na Shemeji alikuwa kibandani kwake.

Niliitandaza ile karatasi juu ya meza ya kukatia, nikamweleza kwamba mawimbi yale ni mara nne kwa sekunde. Dada aliitazama kwa muda mrefu kama anavyotazama kitambaa kigeni.

"Hii ndiyo ile simu niliyoishika?"

"Ndiyo, Dada."

"Kwa hiyo imeniona."

Akavuta kiti, akaketi. Mkono wake wa kulia ulilala mapajani na kidole gumba kikaanza safari yake. Safari hii hakujaribu kuuficha.

"Ulianza wenyewe," alisema. "Nikiushikisha kitu unatulia. Nikiuacha tu, unaanza. Nikawa naufunika kwa kanga, naukalia, naupa kazi. Siku moja shemeji yako akaniuliza, 'Unahesabu dua?' Nikaitikia ndiyo. Lilinitoka tu. Halafu nikaona aibu, maana nimedanganya kwa jina la dua. Nikamwambia Mungu, basi, mkono huu unatembea bure. Kuanzia leo kila ukitembea nitataja mtu. Ukitikisika nikiwa jikoni, namtaja jirani mwenye mgongo. Ukitikisika sokoni, nakutaja wewe na mtihani wako wa darasa la jioni. Sasa wewe unaniambia ni mara nne kwa sekunde. Watu wote hao ningewatoa wapi?"

Alicheka, na mimi nikashindwa kucheka. Nilimtazama dada yangu na nikahisi kama namwona kwa mara ya kwanza. Mwili ulikuwa umemletea jambo la kutisha, akalipokea peke yake, akaligeuza likawa la kuwasaidia wengine.

"Twende kwa daktari," nikasema. "Dereva wa lori wa darasani kwetu amejitolea kutupeleka."

"Nilikwenda. Aliniambia ninyooshe mikono, nikainyoosha. Niguse pua, nikaigusa. Mkono ulikaa kama malaika. Akaniambia ni uchovu, akaniandikia vitamini."

"Safari hii tutakuwa na grafu."

"Na akikubali kwamba ninaumwa?" Alishusha sauti ingawa hakukuwa na mtu mwingine. "Mdogo wangu, jina la ugonjwa likitoka tu, limefika mtaa mzima. Nani atamletea kitambaa chake fundi anayetetemeka? Waniache na mkasi wangu. Sitaki kingine. Na shemeji yako asijue. Atafunga kibanda aje kukaa hapa kunitazama."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kikimtisha. Ugonjwa wenyewe angeuvumilia. Alichoogopa ni kunyang'anywa mkasi. Nikakumbuka maneno yake mwenyewe: nikiushikisha kitu, unatulia.

"Dada, una lastiki?"

"Ya nini?"

"Ya kiuno cha suruali, ile pana."

Alinikatia kipande. Nikaifunga simu nyuma ya mkono wake, karibu na kifundo, nikaibana vizuri isilegee. Nikabonyeza "Anza".

"Sasa kata."

"Nikate nini?"

"Chochote. Kata kama unavyokata siku zote."

Alichukua kitambaa cha bitana kilichokuwa kinasubiri, akakitandaza, akakipapasa mara ile moja. Mkasi ukaingia. Nilisimama kando nikiutazama ukipita, na sauti yake juu ya mbao ilikuwa ileile niliyolelewa nayo. Alipofika mwisho akainua uso.

"Nimemaliza. Simu inasemaje?"

Programu ile ina sehemu ya kuonyesha grafu papo hapo kabla hujahamisha faili. Nikaifungua, nikaiweka kando ya ile karatasi. Kulikuwa na mawimbi, ndiyo, lakini makubwa na ya polepole: mkono unaokwenda mbele, unaovuta pumzi, unaokwenda tena. Yale meno ya kitana hayakuwepo. Niliisogeza grafu huku na huku nikiyatafuta. Nilichokiona ni mkasi tu, unapita.

"Hapa ni ukiwa umepumzika," nikamwonyesha. "Hapa ni ukiwa kazini. Tazama mwenyewe."

Alivaa miwani yake. Alifuata mstari kwa kidole polepole, kutoka kushoto hadi kulia, akarudi, akafuata tena.

"Haupo," alisema.

"Haupo."

"Kwa hiyo nikikata, ni mimi."

"Ni wewe, Dada. Na hiki kinaweza kumwambia mtu yeyote."

Alivua miwani, akajifuta macho kwa pindo la kile kitambaa cha mteja, kisha akajisuta kwa kukichafua. "Haya," alisema. "Twende. Lakini kwanza nifundishe kubonyeza. Nataka niwe na ushahidi wa kutosha."

Katika siku zilizotangulia miadi ya daktari, Dada alirekodi asubuhi baada ya sala na jioni kabla ya kupika, kwa simu yake mwenyewe. Mara ya kwanza skrini ilijifunga na kurekodi kukakatika. Akanipigia nikiwa na pasi mkononi, ananifokea kana kwamba mimi ndiye niliyeiunda simu. Baada ya hapo hakukosea. Mafaili yalipotimia nilimsaidia kuyahamisha, tukayatuma pamoja na lile la bitana kwenye anwani ya kliniki tukieleza ni ya nini.

Daktari alikuwa ameyafungua kabla hatujaingia. Grafu ilikuwa kwenye kompyuta yake, na yeye amekaa amejiinamia kuelekea kioo, kidevu mkononi.

"Karibuni, karibuni. Nimeyasoma yote," alisema. "Ila nina swali. Faili hili linaitwa 'Jirani, mgongo'. Hili linaitwa 'Mdogo wangu, mtihani'. Hili, 'Dereva wa lori, moyo mzuri'. Hawa ni wagonjwa gani?"

"Si wagonjwa, daktari," alisema Dada, ameketi wima kama anayepigwa picha, mkoba ameukumbatia. "Ndio niliokuwa nawaombea mkono ulipokuwa unarekodiwa. Programu ilitaka jina."

Daktari alinitazama, kisha akamtazama Dada, na uso wake ukabadilika. Hakucheka. Akasogeza kiti chake karibu.

"Mara ile ulipokuja, ulikuwa umeshika mkoba hivi hivi?"

"Nadhani."

"Naomba uuweke chini. Mikono iache mapajani, usiifanyie chochote. Sasa niambie, ukitoa saba katika mia, inabaki ngapi? Endelea kutoa."

Dada alianza kuhesabu kurudi nyuma. Kabla hajafika mbali mkono ulianza. Daktari aliutazama bila kuugusa, kisha akautazama ule mstari kwenye kompyuta, kisha mkono tena. Akamwambia atembee hadi dirishani na kurudi. Akamkunja na kumkunjua kiwiko. Akampa kalamu aandike. Alifanya yote kwa utaratibu, na nilimheshimu kwa hilo.

"Simu haitoi jina la ugonjwa," alisema hatimaye. "Kulitoa ni kazi yangu, na mara ile sikuitimiza kwa sababu sikuuona mkono ukiwa umepumzika. Mmenionyesha mahali pa kutazama. Nawashukuru."

Akalitaja jina: Parkinson. Alieleza bila kuficha. Hauponi, lakini kuna dawa, na dawa inasaidia wengi kwa miaka mingi. Angeanza na kiasi kidogo.

"Na mkasi?" aliuliza Dada.

Daktari aliifungua ile grafu ya bitana, ikajaa kioo. Akaisoma kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mkono unaokata hivi siwezi kuuambia uache," alisema. "Endelea. Ila uendelee na kurekodi pia, kabla ya dawa na baada ya dawa. Nitaona ni saa zipi inakushika vizuri, na saa hizo ndizo utakazokata. Tutaipanga dawa ifuate kazi yako." Akageukia makaratasi yake. "Nyumbani kuna nani wa kukuangalia, akukumbushe saa?"

Dada akainama, akaokota mkoba wake, akaomba karatasi ya dawa.

Tulitoka, tukaketi kwenye benchi la korido kusubiri dawa. Watu walipita na kadi zao mikononi. Dada alitoa simu yake, akaifungua ile programu, akaanza kushuka katika orodha ya mafaili hadi akafika chini kabisa, kwenye moja ambalo halikuwa miongoni mwa yale tuliyomtumia daktari. Lilikuwa na maneno mawili tu: "Baba watoto".

"Hili sikulihamisha," alisema. "Nionyeshe tena."

Nilimwonyesha kitufe. Simu ikafungua majina, ikimuuliza amtumie nani. Kidole chake kilisimama juu ya jina la mumewe, nacho kilikuwa kimetulia tuli, kwa kuwa sasa kilikuwa na kazi. Akabonyeza.

Haikuchukua muda simu ikalia. Nilisikia mashine ya kunyolea ikinguruma upande wa pili na sauti ya Shemeji juu yake, kubwa kama kawaida.

"Mke wangu, umenitumia nini? Nambari tupu, zinashuka tu hazina mwisho! Nina mteja nusu kichwa hapa. Hii ni nini?"

Dada alipumua.

"Ni mkono wangu," alimwambia. "Mmalize mteja wako vizuri, usimkimbize. Ukishamaliza uje kliniki, nikusomee."

Mashine ya kunyolea ikazimwa.